Kila Tundu Lina Mwenyewe: Namna ya Kuusoma Mfupa wa Samaki wa Kale Wasio na Taya

Kipande kilichoko mezani kwangu sasa hivi hakizidi ukucha wa kidole gumba. Kimetoka kwenye jiwe jekundu la mchanga la mwanzo wa kipindi cha Devoni, takriban miaka milioni 410 iliyopita, na rangi yake ni samawati iliyofifia, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Juu yake imepita mistari myembamba inayofuatana na kujipinda pamoja kama alama za kidole. Mwenye kipande hiki alikuwa samaki asiye na taya, kichwa na kifua chake vimefunikwa ngao ya mfupa. Ngao ikishavunjika na kubaki kipande kidogo namna hii, umbo la samaki halipo tena la kukusaidia. Umebakiwa na mfupa wenyewe, na mfupa una mengi ya kusema ukijua kuukata na kuuhoji.

Kazi yangu ni kusaga mifupa ya namna hii mpaka nuru ipite ndani yake. Nimeifanya kwa miaka 14. Aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila nilipompelekea slaidi nikamwonyesha vitundu nilivyoviona, aliinamia hadubini, akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Tundu hili limechimbwa na nani?" Swali hilo ndilo nitakalokupa hapa, pamoja na njia za kulijibu. Mfupa wa samaki hawa umejaa matundu, na kila tundu lina mwenyewe: seli, mshipa wa damu, uzi wa kolajeni (protini ya nyuzi inayoushika mfupa), au kiumbe mdogo aliyeingia samaki akishakufa. Ukimkosea mwenyewe, umemkosea na samaki.

Jina lilizaliwa kwenye hadubini

Louis Agassiz, mtaalamu wa samaki wa kale, alipowaeleza samaki hawa katika miaka ya 1830, aliwaweka wa aina mbalimbali katika jenasi moja, Cephalaspis. Mwaka 1847 Rudolf Kner alizichunguza baadhi ya ngao hizo akaona kwamba hazikuwa za samaki kabisa. Alizidhania kuwa gamba la ndani la mnyama wa jamii ya ngisi, akaziita Pteraspis. Kisha mwaka 1858 Thomas Henry Huxley akakata vipande vyembamba vya Cephalaspis na vya Pteraspis, akavitazama bega kwa bega. Katika Cephalaspis aliona vijumba vya seli za mfupa. Katika Pteraspis hakuona hata kimoja, lakini muundo aliouona haukuwa wa ngisi hata kidogo, naye akashikilia kwamba huyu pia ni samaki. Mwaka 1868 Ray Lankester akayapa makundi hayo mawili majina yanayotumika hadi leo: Osteostraci, yaani wenye gamba la mfupa, na Heterostraci, wenye gamba la namna nyingine. Hiyo "namna nyingine" ni mfupa usio na seli, unaoitwa aspidini.

Mezani kwangu nawaita osteostraki na heterostraki, na ndivyo nitakavyowaita hapa. Wapo wanaodhani hadubini ni pambo la mwishoni, la kunogesha maelezo baada ya kazi ya uainishaji kwisha. Sikubaliani nao. Kwa samaki hawa uainishaji ulianzia pale pale, kwenye kipande chembamba kilichobandikwa juu ya kioo.

Kabla hujawasha msumeno

Kukata ni kuharibu. Hilo lisikutoke akilini, maana mfupa uliosagwa haurudi. Kipige picha kipande chako juu, chini na pembeni, weka rula kando yake, na kama kina nakshi nzuri tengeneza kwanza umbo lake kwa mpira wa silikoni. Kwenye picha mojawapo chora mstari mahali msumeno utakapopita. Kielelezo kilichotumiwa kumpa samaki jina kwa mara ya kwanza hakiguswi. Tafuta kipande kingine kutoka tabaka lile lile la mwamba.

Baada ya hapo chukua lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 na uutazame ukingo uliovunjika. Mara nyingi mpasuko umekwisha kukufanyia nusu ya kazi: utaona chini pamebanana, katikati pana vyumba vyumba, na juu pana ngozi ngumu inayong'aa. Ukiona hivyo, umeshajua upande upi ni wa nje, na kosa la kusaga slaidi kichwa chini halitakupata.

Kipande kizamishwe kwenye gundi ya epoksi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kijumba cha seli kikiwa na hewa ndani, au kikiwa kimejazwa oksidi ya chuma, huonekana cheusi au kahawia iliyokolea, na jicho hukiona mara moja. Gundi ikipenya ndani yake, kijumba hupotea. Nuru hupita humo kama inavyopita kwenye mfupa unaokizunguka. Kwa hiyo mfupa mgumu, usiomeng'enyeka, mimi huuzamisha tu bila pampu ya kunyonya hewa. Pampu nimeiachia mifupa inayobomoka mkononi, maana hiyo bila gundi hadi ndani itatawanyika kabla hujafika popote.

Usikate mara moja ukaridhika. Zinatakiwa pande tatu: wima kukatiza mistari ya juu, wima kufuata mistari hiyo, na mlalo, sambamba na uso wa gamba. Kipande kikiwa kidogo kisiweze kutoa zote tatu, chukua wima mmoja na mlalo. Mlalo ndio unaodharauliwa sana, na ndio ulioniokoa mara nyingi kuliko mwingine.

Kusaga

Baada ya msumeno wa almasi kupita, uso uliokatwa unasawazishwa juu ya kioo kinene chenye maji na unga wa silikoni kabaidi. Anza na namba 400, nenda 600, malizia na 1000. Kati ya namba na namba, osha kila kitu: kipande, kioo, vidole, hata chini ya kucha. Punje moja ya 400 iliyojificha itachora mkwaruzo mrefu katikati ya dentini, ile tishu ngumu kama ya jino, nawe utaumaliza mchana mzima ukijiuliza mrija ule mnyoofu ni wa nini. Saga ukiwa na maji wakati wote na uvae barakoa. Vumbi la mwamba wa mchanga likiingia mapafuni halitoki.

Uso ukishalainika, ubandike kwenye kioo cha slaidi, kata upande wa pili ubaki unene wa chini ya nusu milimita, kisha anza kuushusha polepole. Mkono unaandika namba nane, mwepesi, bila kugandamiza. Sikiliza. Gundi peke yake husagika kimya. Mfupa hutoa mkwaruzo mkavu, na sauti ile hupungua kadiri kipande kinavyokaribia mwisho.

Slaidi yangu ya kwanza ya osteostraki niliimaliza yote. Kilikuwa kipande kizuri, na nilikuwa nimeambiwa unene unaotakiwa ni mikromita 30, ule wa kawaida wa slaidi za miamba. Nikasaga nikitafuta 30. Nilipokiinua kioo kwenye nuru, vinundu vya juu vilikuwa vimekwenda na mfupa uliobaki ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kila kijumba kilikuwa kimekatwa wazi na kujaa tope. Niliumia sana, kwa sababu kile kilikuwa kipande pekee cha upande ule wa ngao. Tangu siku hiyo nasimama mapema: mikromita 50 hadi 80 zinatosha kwa kutafuta seli, kwa kuwa kijumba chenye urefu wa mikromita 15 kinahitaji mfupa juu yake na chini yake ili kionekane kizima, na vifereji vyake vyote viwepo.

Utajuaje unene bila kipimo cha gharama? Tazama punje za kwazi, madini ya kawaida ya mchanga, zilizo kwenye mwamba ulioshikamana na mfupa. Weka slaidi kati ya vichujio viwili vya polaraizi (vinavyopitisha nuru ya mwelekeo mmoja tu) vilivyopishana. Kwazi yenye unene wa mikromita 30 ni nyeupe ya kijivu. Ikikaribia mikromita 50 inakuwa ya chungwa. Nikiiona chungwa naosha mikono, nadondoshea tone la gliserini juu ya slaidi, nafunika na kioo chembamba, na kutazama. Kama kuna haja ya kuendelea, gliserini inaoshwa na kazi inaendelea. Hakuna sababu ya kubandika kifuniko cha kudumu siku ya kwanza.

Panda ghorofa kwa ghorofa

Ukiingia kwenye hadubini, anzia chini. Jicho la mgeni hukimbilia juu kwenye dentini kwa sababu inapendeza, likaruka vitu vinavyoieleza.

Tabaka la chini katika samaki wengi hawa limepangwa kama plaiwudi. Nyuzi za tabaka moja zinalala upande mmoja, za tabaka linalofuata zinalikatiza. Kwa nuru ya kawaida utaona mistari tu. Pishanisha vichujio, kisha zungusha meza ya hadubini taratibu: tabaka moja linazimika na jirani yake linawaka, ukiendelea kuzungusha wanabadilishana. Nimeliona jambo hili mara zisizo na hesabu na bado huwa nazungusha meza mara moja zaidi ya ninavyohitaji. Kolajeni yenyewe ilikwisha oza zamani mno. Ulichobakiwa nacho ni fuwele za apataiti, madini ya mfupa, zilizojipanga kwa kuifuata ilipokuwapo.

Katikati pana nafasi kubwa. Katika heterostraki wengi ni vyumba vyenye kuta nyembamba, na mkato wa mlalo unavionyesha vikiwa na pembe pembe kama sega la nyuki. Katika osteostraki utakuta zaidi mifereji ya damu iliyogawanyika na kuunganika.

Juu pana miinuko: vinundu au matuta. Hii ndiyo ghorofa ya dentini, na mara nyingi dentini imefunikwa tabaka jembamba, gumu, linalopitisha nuru vizuri, liitwalo enameloidi. Angalia kama chini ya kinundu unachokiona kipo kingine kilichozikwa. Wengine katika samaki hawa waliongeza vinundu vipya juu ya vya zamani, na ukipata mkato mzuri utaona vizazi viwili au vitatu vimebebana.

Wenye matundu

Sasa lile swali. Nitayachukua matundu moja baada ya jingine, na nitakaa zaidi pale ambapo watu hupotea.

Mfereji wa damu ndio mkubwa, upana wake ni makumi ya mikromita, na tabaka za mfupa huuzunguka kama pete. Kati ya vichujio vya polaraizi pete hizo hutoa msalaba mweusi. Hauna shida.

Mrija wa dentini ni mwembamba, mikromita 1 hadi 3 hivi. Una mwanzo unaojulikana: hutoka kwenye uwazi wa ndani wa kinundu, au kwenye mfereji wa chini, ukapanda kuelekea juu huku ukigawanyika matawi. Ukiona mrija ambao hujui umetoka wapi, usiuite wa dentini kwanza.

Kijumba cha seli ya mfupa kina umbo la mtumbwi, urefu wa mikromita 10 hadi 20. Kutoka kwenye mwili wake vinatoka vifereji vyembamba kuliko mikromita 1, vinavyopinda, vinavyozidi kuwa vyembamba kadiri vinavyokwenda mbali, na vinavyokutana na vya kijumba jirani. Katika tabaka la chini mitumbwi hii imelala bapa kati ya tabaka na tabaka. Katika tabaka la kati ni minene zaidi na vifereji vinatoka pande zote kama miale ya nyota. Kijumba kisicho na kifereji hata kimoja nakitilia shaka. Mkusanyiko wa vijumba mia vyenye mwelekeo unaofuata tabaka za mfupa unaniondolea shaka.

Uzi wa kolajeni huacha nafasi nyembamba, iliyonyooka, iliyochongoka ncha zote mbili, isiyo na matawi. Nafasi hizi ndizo zilizoleta ubishi mrefu kuhusu aspidini. Katika karne ya 20 wapo waliozitazama wakasema zilikuwa makazi ya seli, na kwamba aspidini ni mfupa ulio njiani kuwa mfupa kamili. Wengine wakasema ni nyuzi. Wengine wakaifikiria aspidini kuwa aina ya dentini. Mwaka 2018 Joseph Keating na wenzake walitumia miale ya eksirei ya sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa miale mikali sana, kuzitazama nafasi hizo katika pande zote tatu bila kukata, wakaonyesha kwamba zimekaa kama mafungu ya nyuzi za kolajeni yanavyokaa. Kwa hiyo aspidini ni mfupa kamili, usio na seli ndani yake. Huna sinkrotroni? Mkato wa mlalo na wa wima utakufikisha karibu. Mtumbwi wa seli ukikatwa kwa upande wowote bado ni kijumba chenye vifereji. Nafasi ya uzi ukiikata kwa wima ni mstari mnyoofu, ukiikata kwa kuikingama inakuwa nukta tupu.

Wa mwisho ni mvamizi. Samaki akishakufa, kuvu na bakteria hutoboa mfupa kabla mwamba haujaufunga. Vichuguu vyao vina upana ule ule mwanzo hadi mwisho. Huanzia kwenye ukingo wa nje au kwenye ukuta wa mfereji wa damu, hupita katikati ya tabaka bila kujali mwelekeo wake, na havizidi kuwa vyembamba vikienda mbali. Mfupa ulitengenezwa na seli kwa mpango, na vitundu vya seli vinautii mpango huo, mvamizi haujui.

Mwaka wangu wa pili nilikiandikia kipande fulani lebo ya osteostraki. Kilikuwa na vidoa vyeusi vyenye matawi, na mimi nilikuwa na hamu ya kuona seli. Mwalimu wangu alitazama, akauliza swali lake, nami nikajibu kwa uhakika: "Seli, Mwalimu." Akaniambia nikasage mlalo. Nilipofanya hivyo nikaona matawi yote yameanzia kwenye mpasuko mmoja uliokuwa umejaa tope, na kila moja lilikuwa limekata ukuta wa tabaka la plaiwudi kama msumari uliopigwa kwenye ubao. Huko mbali na mpasuko mfupa ulikuwa safi, hauna kijumba hata kimoja. Nikafuta lebo. Tangu hapo, ninapotafuta seli naanza na sehemu ya mfupa iliyo mbali kabisa na ukingo.

Na kosa la mwenye tundu halimpati mwanafunzi peke yake. Vipande vidogo vya Anatolepis, vingine vya kipindi cha Kambri, vilihesabiwa tangu miaka ya 1970 kuwa huenda ni vya wanyama wenye uti wa mgongo wa kale kuliko wote, na mwaka 1996 mirija iliyoonekana kwenye vinundu vyake ilielezwa kuwa ya dentini. Mwaka 2025 utafiti wa Yara Haridy na wenzake ulionyesha kwamba mirija ile inafanana na viungo vya hisia vilivyo kwenye maganda ya arthropodi wa kale, yaani wanyama wa jamii ya kaa na wadudu. Mwenye tundu hakuwa samaki.

Kutoa jina

Mfupa ukionyesha seli dhahiri, umeingia chumba chenye osteostraki. Dentini yao mara nyingi ni mesodentini, ambayo mirija yake imechanganyikana na vijumba vya seli vyenye mikono mingi, tofauti na mirija mitupu iliyonyooka ya heterostraki. Ukiwa na ngao nzima, alama ya macho ni uwazi mdogo wa umbo la tundu la ufunguo katikati ya macho. Tremataspis wa kisiwa cha Saaremaa, Estonia, ni wa kufundishia: uso wake ni laini na unang'aa, na chini ya ule ung'avu pana mtandao wa mifereji inayofunguka juu kwa vinyweleo. Lakini chumba hicho kina wakazi wengine. Plakodemi, samaki wengine wa kale wenye ngao, wana taya na mfupa wao una seli. Samaki wengine wa kale wenye taya wana mesodentini pia. Kipande cha Devoni chenye seli kisipokuwa na umbo la kukuongoza, andika "mfupa wenye seli" na uishie hapo. Si aibu.

Mfupa usio na seli una vyumba vingi zaidi, na hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Heterostraki na makundi mengine ya samaki wasio na taya, anaspidi, galeaspidi, astraspidi, wote hawana seli katika mfupa wao, na hilo peke yake haliwafanyi kuwa ndugu wa karibu. Hali hiyo inaonekana kuwa ya zamani kuliko mfupa wenye seli, na kubaki na kitu cha zamani si dalili ya undugu. Kinyume chake, seli za mfupa ni miongoni mwa mambo yanayowaunganisha osteostraki na samaki wenye taya, ambao sisi tumetoka katika ukoo wao. Tena samaki wengi wa leo wenye mifupa hawana seli ndani yake ingawa mababu zao walikuwa nazo, zilipotea baadaye.

Heterostraki hutambulika kwa mchanganyiko: plaiwudi chini, vyumba vya sega katikati, matuta au vinundu vya dentini juu, na popote usipate kijumba. Ndani ya kundi hilo nakshi inakusogeza mbele. Siathaspidi wana matuta marefu yanayokimbia kutoka mbele kwenda nyuma ya ngao. Pteraspidi wana matuta membamba yanayozunguka kitovu cha kila bamba, pete ndani ya pete, kwa jinsi bamba lilivyokua kwa kuongezewa pembeni. Samosteidi, ambao vipande vyao vimejaa kwenye miamba ya Devoni ya nchi za Baltiki, wana vinundu vya umbo la nyota, na pale ngao ilipolika kwa kusuguana na sakafu ya maji vyumba vya ndani vilijazwa dentini ngumu. Ukiona vyumba vya aspidini vimezibwa namna hiyo, umeshampata. Hao ndio walioishi mwisho katika heterostraki; walikoma takriban miaka milioni 372 iliyopita.

Galeaspidi wanatoka China na Vietnam. Hawana dentini, vinundu vyao vimejengwa kwa punje duara za madini. Anaspidi nao hawana dentini, na magamba yao ni marefu na membamba. Telodonti hawana ngao kabisa, wana vigamba vidogo vya milimita moja hivi, kila kimoja kina taji, shingo na kitako, na uwazi wa ndani kama jino. Hao usiwasage kwanza. Yeyusha chokaa kwa asidi ya siki iliyopunguzwa makali, ambayo inaila kalsaiti, madini ya chokaa, na kuiacha apataiti, uvikusanye kwa ungo mwembamba. Asidi ya hidrokloriki itakula vyote. Na ukikutana na vinundu vya nyota vyenye kofia nene ya kioo kutoka mchanga wa Harding huko Colorado, Marekani, hiyo ni Astraspis, aliyeelezwa na Charles Walcott mwaka 1892, wa kipindi cha Ordovisi, mkongwe kuliko samaki wote niliowataja hapa.

Kipande changu cha samawati nilikimaliza jana jioni. Wima umeonyesha ghorofa tatu. Mlalo umeonyesha sega la nyuki, na juu yake matuta yenye kingo zenye meno madogo, kila tuta na mfereji wake chini. Niliitafuta seli kwa saa mbili, mbali na ukingo, kwa ukuzaji wa mara 400, sikuipata. Nilichokiona ni mistari minyoofu upande mmoja na nukta upande mwingine. Mpindo wa matuta unaelekea pteraspidi, ila kipande ni kidogo mno kuonyesha kitovu. Kwenye lebo nimeandika: "Heterostraki. Yaelekea pteraspidi. Mikato miwili, wima na mlalo. Nusu ya kipande imebaki bila kukatwa."